Ubavu kwanza, rimu baadaye: matairi ya dragi kwenye Chaser ya mtaani

Rimu za inchi 18 zenye tairi la ubavu mwembamba zinapendeza sana ukipaki ufukwe wa Coco, Dar, jioni. Kwenye mbio za dragi, zile za kunyooka kuanzia gari limesimama, zinanirudisha nyuma. Ndiyo maana Chaser yangu sasa ina seti ya pili, rimu mbili za inchi 16 za nyuma tu, zimevaa matairi manene ambayo vijana wa mtaani kwetu Tabata wanadai nimeyaazima kwenye Noah.

Muuza rimu mmoja wa Ilala naye hakuelewa. "Dada, watu wanapanda, wewe unashuka?" Nyuma yake alikuwa ametundika za 19, zimeng'arishwa hadi zinaumiza macho. Simlaumu, anauza kinachotakiwa. Hapa mjini ukubwa wa rimu ni sehemu ya heshima ya gari, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima na shokapu zinazovuja ilimradi rimu zinawaka. Lakini ukishaanza kuhesabu sekunde, gari likitoka limesimama hadi mita 402, ile robo maili ya Wamarekani, heshima inahamia kwenye ubavu wa tairi.

Gari lenyewe ni Toyota Chaser Tourer V, toleo la JZX100, injini ya 1JZ-GTE lita 2.5 yenye turbo, gia tano za mkono, linasukuma kwa nyuma. Kiwandani waliandika nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasikipite hadharani, na kila aliyefungua boneti anajua kwamba injini hii inaomba zaidi. Uzito wake unakaribia tani moja na nusu. Na hapa ndipo ninapopenda kuwachekesha wauza rimu: Chaser hii ilitoka kiwandani na inchi 16. Mbele 205/55, nyuma 225/50. Hizo 18 na 19 tumeziweka sisi.

Nililinunua likiwa limevaa 225/45R18. Kwa asiyezoea kusoma namba za tairi: 225 ni upana kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu basi ni milimita 101, na tairi zima kutoka chini hadi juu ni kama milimita 660. Nimehamia 255/50R16. Ubavu milimita 127.5, tairi zima milimita 661.

Angalia hapo. Kimo cha gari hakijabadilika, gia hazijarefuka wala kufupika, spidomita inasoma kama ilivyokuwa inasoma. Ila nimepata upana wa milimita 30 zaidi na ubavu mrefu zaidi kwa milimita 26, vyote kwa kupunguza inchi 2 za aloi. Ukilinganisha na tairi la kiwandani, lile la 225/50R16 lenye kipenyo cha milimita 631, langu ni kubwa kwa karibu asilimia 5, na gari linakwenda kwa kasi zaidi ya spidomita inavyosema kwa kiasi hichohicho. Wenye Chaser za 18 zenye ubavu wa 45 wote wanatembea na tofauti hiyo, sema hakuna anayeitaja. Kazi yangu ni kukadiria hasara za ajali kwa ajili ya bima, kwa hiyo mimi huwa naitaja, na fundi wangu ameshachoka nayo. Ananiita Mama Bima.

Sasa kwa nini ubavu. Ukiachia klachi injini ikiwa kwenye mizunguko elfu nne na kitu, nguvu haifiki chini taratibu, inafika kwa mshtuko. Ubavu mfupi na mgumu unaupitisha mshtuko wote hadi kwenye mpira unaogusa lami. Mpira unazidiwa, tairi linazunguka bure, moshi unatoka, watu wanashangilia na wewe bado uko palepale. Ubavu mrefu na laini unajipinda kwanza, kama mtu anayekunja magoti kabla ya kuruka, ndipo unasukuma. Wakati huohuo sehemu ya tairi iliyolala chini inarefuka kwenda mbele na nyuma. Watu hutazama upana tu. Kwenye mbio za kunyooka, urefu wa sehemu hiyo nao una kazi kubwa, na unaupata kwa kimo cha tairi na kwa kupunguza upepo. Tairi la ubavu mwembamba ukilipunguza upepo hivyo linakaa vibaya, rimu inakaribia lami, shimo la kwanza linaipinda.

Kuhusu tairi lenyewe, kuna slik, ambazo ni kipara kwa makusudi. Ninaona matairi kipara kila siku ya kazi, hasa kwenye daladala na malori ya mchanga, kwa hiyo niseme wazi kwamba kipara cha slik ni mpira laini unaonata, kile kingine ni mpira uliokwisha kufa. Slik za jadi zimefumwa kwa nyuzi za mshazari, na ndizo zile unazoziona kwenye picha za Marekani ubavu umekunjamana gari linapoondoka. Zinasamehe sana: zikiteleza kidogo zinashika tena. Ila si za barabarani, na kuziweka nyuma huku mbele una radiali za kawaida, ambazo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja toka ubavu hadi ubavu, ni kuomba gari liyumbe mwendo unapokolea. Watengenezaji wenyewe hawataki mchanganyiko huo. Kwa gari linalobeba mtoto kwenda shule Jumatatu, slik niliziondoa kwenye hesabu mapema.

Zinazobaki kwa mtu kama mimi ni radiali za dragi: Mickey Thompson ET Street, Nitto NT05R na wenzao. Zina alama ya DOT, maana yake Marekani zinaruhusiwa barabarani, zina kashata, yaani meno ya tairi, chache za kuonekana kwamba zipo, na mpira wake ni laini kuliko kitu chochote unachokijua. Mickey Thompson, kwa wanaodhani ni jina la kiwanda tu, alikuwa mtu, dereva wa mbio, na mwaka 1960 aliendesha gari lake kupita maili 400 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kabla hajaingia kwenye biashara ya matairi. Nilipenda kujua hilo. Halikuongeza kasi ya Chaser.

Halafu kuna mtego ambao wengi wa hapa mjini wanauingia: tairi linalonata la mbio za mzunguko, mfano Toyo R888R. Namba ya uvumilivu wa kashata iliyopigwa ubavuni mwake (ikiwa ndogo, mpira ni laini na unaisha haraka) ni 100, wakati tairi la kawaida la mjini mara nyingi ni 400 na kupanda. Mtu anaona 100 anasema basi, linanata, nimalize kazi. Linanata kweli. Lakini ubavu wake umejengwa uwe mgumu ili gari lisilale kwenye kona, na ugumu huo ndio usioutaka mwanzoni mwa dragi. Ni tairi zuri sana kwa kazi nyingine. Kwa hiyo ukisoma namba ya mpira, soma na ubavu. Likamate kwa mkono likiwa halina rimu, libonyeze, utauhisi ugumu wake.

Jambo jingine ambalo wasifiaji wa mitandaoni hawakuambii ni kwamba sifa nyingi za radiali za dragi zimepimwa kwenye viwanja vilivyopuliziwa gundi. Si utani. Viwanja vya mbio vya Marekani hupuliziwa dawa ya kunata na kuburuzwa mpira juu yake hadi kiatu chako kinaweza kubaki chini. Sisi tuna lami tupu, tena lami ya pwani, yenye vumbi na mchanga mwembamba unaoletwa na upepo. Kwenye uso wa namna hiyo radiali ya dragi inashika vizuri hadi inapofika mwisho wa uwezo wake, halafu inaachia kwa ghafla, na ikishaachia ni vigumu kuirudisha bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Kwa hiyo usinunue tairi kubwa ukidhani litafidia lami. Kufagia pale unapoanzia kunasaidia kuliko milimita 20 za upana. Nasema hivi nikiwa na ufagio wa chelewa kwenye buti, na si siri.

Rimu sasa. Chaser, kama Mark II na Altezza, ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Tundu la kati la Toyota hizi ni milimita 60.1. Rimu nyingi za mtumba kutoka Japani zina tundu kubwa zaidi ili zikubali magari mengi, na hapo unahitaji pete ya kuziba nafasi, la sivyo rimu inakaa kwenye nati peke yake na usukani unatetemeka ukifika 90. Pete hizo ni za bei ndogo, lakini kumpata wa kukuuzia saizi sahihi kunahitaji miguu. Mimi nilizipata Gerezani baada ya kuambiwa "hazipo, dada" na karibu kila duka la mtaa huo.

Nati nazo usizichukulie poa. Toyota ni uzi wa M12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Nissan na Subaru ni M12 kwa 1.25. Nati ya Nissan itaanza kuingia kwenye stadi ya Toyota, ile bolti inayotoka kwenye habu, mzunguko wa kwanza, wa pili, kijana wa tairi anachukua mashine ya upepo, trrr, na stadi imekwisha. Tena nati za Toyota za rimu za kiwandani zina washa bapa, wakati rimu nyingi za kununua zinataka nati yenye kichwa cha koni. Ukifunga bapa kwenye tundu la koni, inaonekana imekaza. Haijakaza.

Kuhusu ofseti watu hupiga ramli, wakati ni hesabu ya darasa la sita. Ni umbali kwa milimita kati ya pale rimu inapogusa habu na katikati ya upana wa rimu. Ukitoka kwenye 7J (rimu ya upana wa inchi 7) yenye +50 ukaenda 8J yenye +35, nusu ya inchi iliyoongezeka ni milimita 12.7 kila upande, na ofseti imesogeza rimu nzima nje kwa milimita 15. Kwa hiyo upande wa nje umetoka kwa milimita 27.7, na upande wa ndani umejiondoa kwenye shokapu kwa milimita 2.3. Ukijua hivyo unapima kwa rula kabla ya kulipa. Zangu ni 8J, na 255/50 inakaa vizuri kati ya 7J na 9J. Fundi alikunja mdomo wa bodi kwa ndani kidogo kwenye matao ya nyuma, maana gari langu limeshushwa na tairi linapanda juu gari linapokaa nyuma wakati wa kuondoka.

Uzito wa rimu ni muhimu, ila nisiwachoshe. Rimu nyepesi inazungushwa kwa urahisi na inasimama kwa urahisi. Rays Volk TE37, rimu ya Kijapani, inasemekana ilipata namba yake kutokana na uzito wa kilo 3.7 wa ile ndogo ya inchi 15. Mjini hapa zimejaa zinazofanana nayo kwa macho. Mimi sina shida na rimu ya kuiga kwa safari za Kariakoo, lakini kwa rimu itakayobeba mshtuko wa klachi nataka kuona alama za JWL na VIA, ambazo ni za viwango vya Japani, zimetoka kwenye aloi yenyewe na si stika. Halafu naiomba iwekwe kwenye mashine ya balansi hata kabla ya tairi kupanda, izunguke nione kama imepinda. Na napitisha kidole kwenye mdomo wa ndani. Mashimo yetu yamefanya rimu nyingi zichomelewe, rangi ikafunika. Rimu iliyochomelewa siinunui, hata kama muuzaji ni shemeji yangu.

Matairi yenyewe yalikuja kwenye mzigo wa pamoja kutoka Dubai. Kabla sijatuma hela nilidai picha ya ubavu wenye tarakimu nne za mwisho za DOT. Tarakimu 3119, kwa mfano, ni tairi lililotengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2019. Kwa tairi la kawaida miaka miwili dukani si kitu cha kulilia. Kwa radiali ya dragi mpira unazidi kukauka, na joto la stoo zetu haliusaidii. Ukibonyeza ukucha kwenye mpira mpya unaacha alama. Kwenye mpira uliokauka ukucha unateleza. Bei, usafiri na ushuru ukivijumlisha, jozi yangu imekaribia bei ya seti kamili ya matairi mapya ya mjini, manne. Ndiyo, mawili kwa bei ya manne, na yataisha kabla ya hayo manne hayajapata hata mkwaruzo.

Sasa suala la kurudi nyumbani. Radiali ya dragi ina njia chache mno za kutoa maji. Wanaoishi Dar wanajua mvua ya masika inavyoweza kukukuta Ubungo jua likiwa linawaka Mbezi. Kwenye lami yenye maji tairi la namna hii linaelea, tena na gari la turbo linalosukuma kwa nyuma. Nimeandika ripoti za kutosha za magari yaliyogeuka yakitazama yalikotoka, mengine yakiwa na matairi mazima kabisa. Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: radiali hazigusi Barabara ya Mandela hata siku moja. Naenda na matairi yangu ya kawaida, moja la dragi likiwa kwenye buti, jingine siti ya nyuma limefunikwa khanga kuukuu, nabadilisha pale pale eneo la mbio, eneo lililofungwa, lenye ruhusa na gari la wagonjwa. Na wenye bima kubwa wasijidanganye: sera za magari kwa kawaida hazilipi hasara ya mashindano ya mbio, hata yawe ya ruhusa. Za barabarani usiku, mimi msinihusishe.

Kubadilisha kwenyewe ni jeki, stendi na spana ya kupimia nguvu. Nati za Toyota hii ni niutoni-mita 103, na baada ya mkimbio wa kwanza napima tena. Upepo naupima tairi likiwa la baridi na kivulini, kwa sababu upande uliokaa juani unadanganya. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, geji hupanda kwa psi 1 hadi 2. Naanza na psi 20 nyuma halafu nashuka moja moja. Mbele naacha 36 ili matairi yaviringike kirahisi. Kisha ninasoma alama nyeusi niliyoiacha chini. Kingo zikiwa nyeusi na katikati pamefifia, upepo ni mdogo mno. Katikati pakiwa peusi peke yake, ni mwingi. Kwenye lami yetu niliishia juu kidogo ya wanavyoshauri Wamarekani, kwa sababu ya ile gundi ambayo hatuna. Na kuchoma tairi kabla ya kuondoka kunatosha kulisafisha na kulipasha joto. Radiali haihitaji wingu la moshi, linaunguza tu hela.

Wenye Altezza wananiuliza wanunue nini. Hamna haja ya kununua, jamani. Farasi 210 bila turbo zinashikwa na tairi zuri jipya la mjini, 225/50 kwenye rimu ya 16, upepo umepunguzwa kiasi siku ya mbio na kurudishwa kabla ya kuondoka. Kipenyo ni milimita 631 dhidi ya 625 za lile la kiwandani la 215/45R17, karibu sawa. Hela inayobaki peleka kwenye breki.

Kwangu mimi tatizo limehama. Siku tairi lilipoacha kuzunguka bure, klachi ndiyo ikaanza kuteleza. Sindano ya mizunguko inapanda, gari halipandi. Fundi alicheka kabla sijamaliza kumweleza. Alikuwa ameshaniambia kwamba ukiziba pale nguvu inapovujia, itatafuta sehemu nyingine dhaifu, na baada ya klachi itakuwa ekseli. Nimeanza kuulizia bei ya klachi. Ya kwanza niliyotajiwa nimeikataa, nasubiri jibu la pili.